Fedha za komini kwa televisheni ya jamii: mwongozo kamili kwa watu wa Lubumbashi

Washa televisheni jioni hapa Lubumbashi. Utamwona waziri aliyeko Kinshasa, utamsikia mhubiri, utatazama muziki na matangazo ya biashara. Mfereji uliofurika Katuba, kodi mpya ya meza katika soko la komini ya Kenya, kikao ambamo washauri wa komini (serikali ya eneo ndani ya mji) wamejadili bajeti: hayo huyaoni, au unayaona tu pale mwenye shughuli alipolipia kamera ije. Televisheni ya jamii ni chombo ambamo mkaaji wa kawaida anaingia, anafundishwa kushika kamera, anatengeneza kipindi chake na kinarushwa bila yeye kutoa makuta. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuishi kwa matangazo ya biashara peke yake, maana kazi yake kubwa ni kwa watu ambao wafanyabiashara hawawatafuti. Lazima fedha za umma ziingie.

Ninachokiamini nakisema mapema: msimwombe burgumesta, mkuu wa komini, zawadi. Dai lenu liwe mstari katika bajeti, kwa kazi iliyoandikwa, yenye bei iliyoandikwa, chini ya mkataba ambao hata mpinzani wake atausoma akiutaka. Zawadi huisha siku mtoaji anapohamishwa, na kabla ya kuisha huwa imeshawafunga midomo. Hatua zote zifuatazo zinalenga kuwaepusha na hilo.

Wenzetu walianzaje

Marekani ndiko mfumo huu ulikopata sheria yake. New York ilifungua chaneli za wakaaji mwaka 1971, na sheria ya taifa ya mwaka 1984 ikaziruhusu serikali za miji kuzidai kampuni za televisheni ya waya vitu viwili: chaneli kwa ajili ya umma, elimu na serikali, na ada isiyozidi 5% ya mapato ghafi ya huduma hiyo. Sababu yao ilikuwa rahisi. Kampuni inapitisha waya wake chini ya barabara za mji na kando yake, barabara ni mali ya wakaaji, basi ilipie.

Tazameni pia palipovuja. Sheria ile haikuulazimisha mji kutumia ada hiyo kwa televisheni ya wakaaji. Katika miji mingi fedha ziliingia mfuko wa jumla, na watu wa televisheni wakawa wanapigania sehemu yao kila mwaka. Kisha watazamaji wakaanza kuuhama waya na kwenda intaneti, ada ikapungua. Vyombo vilivyotegemea chanzo kimoja ndivyo vilivyoumia zaidi.

Lubumbashi haina waya huo wa kutozwa ada. Ina ardhi yenye shaba na kobalti, na sheria inayosema sehemu ya mali hiyo irudi mahali ilikochimbwa. Hoja ni ileile: aliyetumia kilicho cha wote awalipe wote.

Hatua ya kwanza: jueni makuta ya komini yanatoka wapi

Watu wengi huenda komini wakiomba kwenye mfuko wasioujua. Matokeo yake wanajibiwa “hakuna fedha” na wanarudi nyumbani, kwa sababu hawana namna ya kuuliza swali la pili. Mji wa Lubumbashi na komini zake saba, yaani Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi, kwa sheria ni ETD: maeneo yenye madaraka yake, bajeti yake na mali yake. Msingi ni sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Mifuko ya kuitazama ni minne.

Wa kwanza ni kodi na ushuru wa komini yenyewe: meza za sokoni, maegesho, hati za vizazi na ndoa, na mengine yaliyoorodheshwa katika amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Makuta haya ni madogo lakini yapo karibu kila siku, na ndiyo yanayofaa kulipia kazi za kila mwezi.

Wa pili ni retrosesioni, yaani sehemu ya mapato ya taifa inayorudishwa chini. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inaipa mikoa 40% ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inazipa ETD 40% ya sehemu hiyo ya mkoa. Kwenye karatasi ni fedha nyingi. Kwa vitendo huchelewa na hufika pungufu, kwa hiyo msijenge mishahara ya watu juu yake. Ikifika, iwe ya kuongeza kazi.

Wa tatu ni mrabaha wa madini, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa madini anayouza, na hapa nitakaa kidogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaugawa mrabaha hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% ETD ambamo uchimbaji unafanyika, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba mrabaha ni 3.5% ya thamani ya mauzo ghafi. Kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, ni 10%. Fanyeni hesabu mbele ya wakaaji ili wote waione. Tuseme mgodi umeuza shaba ya dola milioni 100 kwa mwaka. Mrabaha wake ni dola milioni 3.5, na 15% ya hizo ni dola 525,000 za ETD. Kama kibali kimelala juu ya ETD mbili, zinagawana. Ukiwa Ruashi, ambako kuna mgodi wa shaba na kobalti, swali hili ni lako moja kwa moja. Ukiwa Kamalondo, katikati ya mji, mrabaha msiutegemee. Elekeeni mifuko mingine.

Kuna sharti moja ambalo watu hulisahau kisha wanalalamika. Mrabaha unaokwenda ETD ni wa miundombinu ya msingi yenye faida kwa jamii. Kwa hiyo mnaweza kuuombea jengo la studio, mnara, paneli za jua, mitambo. Posho ya mtangazaji na mafuta ya pikipiki haviingii humo, na mkiviweka ombi lote linaweza kukataliwa kwa ajili ya mistari miwili.

Wa nne haupiti kabisa kwenye sanduku la komini. Ni ile 0.3%, kiwango cha chini, ya mauzo ya mwaka ambayo mwenye mgodi anapaswa kutenga kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Kwa mgodi wetu wa mfano ni dola 300,000. Inasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii zinazouzunguka mgodi, basi watafuteni wale wajumbe wa jamii. Ni majirani zenu, wana sauti mezani, na mara nyingi wanaletewa miradi ya visima na madarasa tu kwa sababu hakuna aliyewapelekea wazo jingine lililoandikwa vizuri. Niseme wazi kwamba kisima kikihitajika kuliko kamera, kisima kitangulie. Televisheni ya jamii inayoshindana na maji ya kunywa itapoteza watu wake.

Hatua ya pili: simameni kisheria, lakini msikimbilie mnara

Komini haiwezi kutia saini mkataba na kundi la marafiki. Undeni ASBL, yaani shirika lisilo la faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: katiba ya shirika iliyopitishwa na mkutano na kuthibitishwa kwa mthibitishaji wa serikali, orodha ya wanachama, kisha ombi la hadhi ya kisheria kwa wizara ya sheria. Njia hii ni ndefu. Ianzeni mapema, na kila karatasi mnayoipeleka mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la shirika, yenye saini mbili.

Upande wa utangazaji, amri yenye nguvu ya sheria namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023 ndiyo inayoongoza uhuru wa habari, redio na televisheni, na ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1996. CSAC, chombo cha taifa cha kusimamia redio na televisheni, husimamia maudhui na haki ya kila upande kusikika. ARPTC, mamlaka ya posta na simu, ndiyo yenye neno juu ya masafa. Bila karatasi za hizi mbili na za wizara ya mawasiliano, mtambo wenu unaweza kufungwa siku yoyote, na atakayetaka kuufunga hatahitaji sababu nyingine.

Ushauri wangu ni huu: mwaka wa kwanza msiwe kituo. Muwe nyumba ya kutengenezea vipindi. Nunueni saa chache kwa wiki kwenye televisheni iliyopo tayari na yenye vibali, na vipindi hivyohivyo viwekeni kwenye YouTube na Facebook, na vipande vifupi vitumwe WhatsApp. Mtambo wa kurushia unakula umeme mchana na usiku, unataka fundi, na SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ikikata mnanunua mafuta ya jenereta. Nimeona vyombo vya habari vikikusanya nguvu zote kununua mtambo halafu vinakosa cha kurusha. Redio Maendeleo ya Bukavu, iliyoanza 1993, inajulikana hadi leo kwa sababu ya kazi yake miongoni mwa wananchi. Hakuna anayeisifu kwa urefu wa mnara wake.

Hatua ya tatu: gawanyeni gharama katika kapu mbili

Kapu la vitu: kamera, maikrofoni, taa, kompyuta za kuhariri, betri na paneli, ukarabati wa chumba, kufuli na nondo za madirisha. Kapu la kazi: posho za wahariri na mafundi, usafiri, megabaiti, kodi ya nyumba, saa za kurusha, matengenezo, mafunzo ya wakaaji. Kwa kila kitu tafuteni bei tatu zilizoandikwa na wauzaji watatu wa hapa mjini, kwa dola na kwa faranga, zenye tarehe. Komini haitashangazwa na gharama kubwa iliyoelezwa. Inashtushwa na namba kamili iliyokadiriwa tu ambayo hakuna anayejua imetoka wapi.

Wekeni pia thamani ya kile mnacholeta wenyewe: chumba cha parokia mlichopewa bure, vijana watakaojitolea, vifaa mlivyo navyo. Na msiombe komini ilipe kila kitu. Mpango ambao komini inabeba nusu au chini ya nusu una usalama zaidi kwenu kuliko kwao, kwa sababu malipo yakichelewa miezi mitatu bado mtaweza kufungua mlango.

Hatua ya nne: uzeni huduma ambayo komini inaihitaji

Ombi linalosema “tunataka kuendeleza utamaduni na vijana” litapigwa muhuri na kulala kabatini. Andikeni kazi ambayo komini tayari inapaswa kuifanya na haiwezi kuifanya bila ninyi.

Kwa mfano: sheria ya familia inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Wazazi wengi hupitisha muda huo kwa kutojua tu. Vipindi vya dakika kumi, kila wiki, vinavyoonyesha ofisi yenyewe, dirisha lenyewe na karatasi za kuja nazo, ni huduma ambayo afisa wa hati za vizazi ataitetea mbele ya wakubwa wake. Kuna kipindupindu kinachorudi Katanga, kuna siku za chanjo, kuna usafi wa mifereji kabla ya mvua ya Novemba. Kuna bajeti ya komini yenyewe, ambayo imeandikwa kwa Kifaransa chenye lugha ya kihasibu, na mama anayelipa kodi ya meza kila siku haijui. Katiba inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na inaiagiza serikali iziendeleze bila ubaguzi. Kikao kilichorekodiwa na kuelezwa kwa Kiswahili cha hapa kwetu ni utekelezaji wa Katiba. Liandikeni hivyo katika ombi, kwa kifungu chake, kifungu cha kwanza.

Na msidharau maigizo. Mji huu ulilelewa na kundi la Mufwankolo, lililopeleka maisha ya mitaa kwenye redio na televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na watu walicheka huku wakielewa. Mchezo wa dakika kumi na tano juu ya ugomvi wa kiwanja utafika mahali ambapo tangazo la ofisi halifiki.

Kisha wekeni hesabu inayoweza kupimwa: vipindi vingapi kwa mwezi, dakika ngapi kila kimoja, wakaaji wangapi watafunzwa, kikao kipi kitarekodiwa, saa ngapi za studio zitakuwa wazi kwa yeyote. Namba hizo ndizo zitakazowalinda baadaye.

Hatua ya tano: fikeni kabla ya kalenda kufungwa

Bajeti ya komini hutayarishwa mwaka mmoja kabla, rasimu yake hupitia usimamizi wa mkoa, na bajeti za ETD huunganishwa katika bajeti ya mkoa, ambayo bunge la mkoa huijadili katika kikao kinachoanza mwishoni mwa Septemba. Atakayepeleka ombi Novemba ameomba la mwaka unaofuata ule. Pelekeni kati ya Mei na Julai.

Anzeni chini: mashefu wa kartie, makundi ya wanawake wa soko, parokia, walimu wakuu, vyama vya vijana. Kila mmoja atoe barua fupi inayosema ni huduma gani anaitaka kutoka kwenu. Kisha nendeni kwa mhasibu na kwa ofisi ya mipango ya komini kabla ya kumwona burgumesta. Hawa ndio wanaoandika rasimu, na mtu aliyeshirikishwa mapema hatafuti kasoro. Washauri wa komini, waliochaguliwa Desemba 2023, waoneni wa pande zote, wa upande unaotawala na wa upinzani, siku zinazokaribiana, mkiwa na karatasi ileile. Yule wa upinzani akijua kwamba naye atapata dakika zake, atapiga kura ya ndiyo.

Angalieni pia mpango wa maendeleo wa komini. Kama mawasiliano na wananchi hayamo, ombeni yaingizwe. Mradi usio ndani ya mpango ni rahisi kuukata.

Hatua ya sita: mkataba

Hapa ndipo chombo kinapopona au kinapouzwa. Mkataba uwe na mambo haya, kwa maneno yaliyo wazi.

Komini inalipia idadi ya vipindi na saa za mafunzo, hailipii maoni. Hakuna afisa wa komini atakayeona kipindi kabla hakijarushwa, isipokuwa vile vipindi ambavyo komini yenyewe ndiyo mwenye navyo, na vitatambulishwa kwenye skrini kuwa ni vya komini. Saa za wakaaji zinatolewa kwa kanuni ya anayefika kwanza anahudumiwa kwanza, kwa daftari lililo wazi mlangoni. Kanuni hii wenzetu wa Marekani wameitumia tangu mwanzo, na inawaokoa kwenye lawama za upendeleo. Burgumesta, wasaidizi wake na washauri wa komini hawakai kwenye kamati ya shirika. Anayetajwa vibaya ana haki ya kujibu, kwa muda uleule na saa ileile. Wakati wa kampeni za uchaguzi, saa za wagombea zinagawanywa sawa chini ya maelekezo ya CSAC, na vipindi vya komini vinavyomwonyesha mgombea aliye madarakani vinasimama.

Wekeni pia kwamba vifaa vilivyonunuliwa kwa mrabaha ni mali ya umma iliyokabidhiwa shirika kwa matumizi, na orodha yake imetiwa saini. Wengine hawalipendi jambo hili. Wangetaka kamera ziwe zao. Mimi naliona kuwa kinga: kiongozi wa shirika akitaka kuondoka na vifaa, hawezi, na komini ikitaka kuvichukua ili kumpa ndugu wa mtu, mkataba unaizuia hadi muda uishe. Muda uwe miaka mitatu, malipo kila robo mwaka, na kuvunja mkataba kuhitaji sababu iliyoandikwa na uamuzi wa baraza la komini. Saini ya mtu mmoja isitoshe.

Mkikataliwa kifungu cha kutokaguliwa kabla ya kurusha, msisaini. Vingine vyote vinajadiliwa.

Hatua ya saba: kutoka mstari wa bajeti hadi makuta mkononi

Kuwa ndani ya bajeti bado si kulipwa. Katika sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011, matumizi hupita hatua nne: komini inajifunga kwa deni, deni linahakikiwa kwa kulinganisha kazi na fakitire, malipo yanaamriwa, kisha mhasibu wa serikali analipa. Faili inaweza kulala katika yoyote kati ya hizo, na mara nyingi inalala kwa ajili ya karatasi moja. Mteueni mtu mmoja, mwenye subira na adabu, kazi yake iwe kuifuata faili. Aende na daftari: leo iko ofisi gani, nani ameipokea, inasubiri nini. Mkiombwa “kitu kidogo” ili isogee, jibuni kwa barua ya kukumbusha yenye nakala kwa baraza. Itachelewa zaidi mara ya kwanza. Mkitoa mara moja, mtatoa kila robo mwaka, na siku wakaguzi wa fedha za serikali (IGF) watakapofika jina lenu litakuwa kwenye orodha ileile na waliokula.

Kila robo mwaka, siku saba kabla ya kupeleka fakitire, pelekeni ripoti: orodha ya vipindi, tarehe na saa vilivyorushwa, majina ya waliofunzwa wakikubali kutajwa, risiti zilizopangwa kwa namba, na malalamiko yaliyopokelewa pamoja na majibu yake. Nakala moja ibandikwe mlangoni pa studio, na zisomeni hesabu zenu wenyewe hewani, kwa Kiswahili, mkianza na kiasi kilichotoka komini. Ni vigumu kwa mtu kuwasingizia wizi wa fedha ambazo kartie nzima imezisikia zikihesabiwa.

Ombi la mwaka wa pili lianze kuandikwa Aprili. Ambatisheni ripoti za robo mbili za kwanza, barua mpya za mashefu wa kartie, na jedwali la ahadi za mkataba upande mmoja na kilichofanyika upande wa pili, pamoja na yale yaliyoshindikana na sababu zake. Ombeni ongezeko tu pale mnapoweza kuonyesha kazi ambayo wakaaji waliitaka na hamkuweza kuifanya kwa kukosa saa au vifaa.